Bibi Shamba wa Upande wa Pili wa Masale

Sio kweli kwamba jirani yetu anatundika chupa mitini kwa sababu ameshindwa kununua dawa, na leo mchana nimemwambia Baba hivyohivyo mbele ya sahani ya kiburu, ndizi na maharage. Baba akasema basi kama sio umaskini ni uganga. Nikasema sio uganga, ni mitego. Akasema mitego anayoijua yeye ni ya fuko, na fuko hatundikiwi kitu juu ya mti. Mama akasema kuleni, chakula kinapoa.

Halafu Baba akaweka kijiko chini, nikajua sasa anakuja na lile lenyewe.

"Aikande, huyo mama ndiye aliyenifundisha mimi kupiga dawa. Kwa mdomo wake, na gari la serikali nyuma yake. Leo anamfundisha binti yangu asipige. Sasa nimwamini yupi, yule wa kipindi kile au huyu wa sasa?"

Niliondoka mezani bila kuomba ruhusa, na hilo nyumbani kwetu ni kosa, lakini mimi nikikosa jibu siwezi kukaa.

Kwa hiyo naandika. Nataka nijue ninachosema kabla ya kesho asubuhi, kwa sababu umande ukikauka tu Baba atapiga dawa miti yangu kumi na moja ya maepo. Dawa ameshanunua mjini, pampu ameazima kwa Baba Mdogo. Alishasema tangu mwanzo: msimu huu akipasua epo akakuta funza, miti inang'olewa na migomba inarudi mahali pake. Hataki kuing'oa, namjua. Hiyo dawa ndiyo huruma yake kwangu, na ndiyo maana ni vigumu kugombana naye. Nozeli ya pampu, kile kichwa cha mbele kinachotawanya dawa, iko kwenye mfuko wa sweta yangu. Nimeichukua mimi. Nitarudi huko.

Kwanza yeye.

Jina lake silitaji kwa sababu hata kulitumia situmii. Kijiji kizima kinamwita Bibi Shamba. Alikuwa bibi shamba wa serikali miaka mingi, akastaafu, cheo kikagoma kustaafu. Kihamba chake, yaani shamba na nyumba pamoja, kinapakana na cha kwetu kwa juu, kuelekea msituni, na katikati kuna mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, kama mipaka yote ya huku. Kwenye masale kuna upenyo mmoja, nao nimeupanua mimi kwa kupita.

Anavaa buti za mvua mwaka mzima, hata jua likiwaka, na kitenge juu yake. Shingoni ana lenzi ndogo ya kukuzia vitu, ameifunga kwa kamba ya kiatu. Kwapani ana daftari. Ukimkuta barabarani ukamsalimia shikamoo, anaitika marahaba, anachukua jani lolote ulilobeba, analigeuza, anaangalia nyuma yake, anakurudishia. Mara moja alifanya hivyo kwa shada la maua la bibi harusi, kwenye ngazi za kanisa. Akasema, "Kuna vidukari, lakini wachache. Mungu awabariki."

Neno lake kubwa ni "nionyeshe". Ukimwambia maepo yameharibika, anasema nionyeshe. Ukimwambia mvua imenyesha sana jana, anataka kuona kopo ulilopimia. Neno lake la pili ni "wangapi". Nilipoanza kwenda kwake, baada ya matokeo yangu ya kidato cha nne kutoka na kila mtu nyumbani kuanza kuongea na mimi taratibu kama naumwa, nilimwambia nzi ni wengi.

"Usiniambie wengi. Wengi ni malalamiko. Wangapi?"

"Bibi, siwezi kuhesabu nzi."

"Waliomo kwenye chupa hawaruki. Mwaga, hesabu, andika. Kisha njoo tuongee."

Nikamwaga, nikahesabu, nikaandika. Nilikasirika nikihesabu, na nilipofika nzi wa sitini hasira ilikuwa imeisha, nikabaki na sitini. Wiki iliyofuata walikuwa arobaini na moja. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukielewa darasani kwa miaka minne: kwamba namba inaweza kukufurahisha.

Hizo chupa ambazo Baba anaziita uganga ni chupa za maji tu. Fundi mmoja wa Majengo, kule mjini, anamtobolea matundu manne kwa msumari wa moto, ukubwa wa kidole. Ndani kuna kipande cha pamba chenye harufu ambayo madume wa nzi wa matunda hawawezi kuikataa. Wanaingia, njia ya kutoka hawaioni. Madume wakiisha, majike wanabaki na mayai yasiyo na baba. Majike nao amewatengea chupa zao, zenye maji ya hamira, kwa sababu jike anatafuta chakula kabla ya kutaga. Jike ndiye adui hasa. Anatoboa ganda la tunda kwa mkia, anaweka mayai, anaondoka, na wewe unaona epo zuri jekundu mpaka siku unapouma.

Sasa, pamba ile ina masharti. Alinionya nivae glovu. Mimi nilikuwa na haraka, ilikuwa Jumapili asubuhi, nikaona glovu ni mbwembwe. Nikabadilisha pamba kwenye chupa sita kwa mikono mitupu, nikafuta mikono kwenye gauni, nikakimbilia ibadani. Wimbo wa pili haujaisha nzi wa kwanza akatua begani. Mahubiri yalipoanza walikuwa wanakuja kwa dirisha kama wamealikwa. Mama alikuwa ananifukuzia nzi kwa kitabu cha nyimbo. Watoto wa benchi la mbele wakageuka wote. Bibi Shamba alikuwa nyuma yangu, akainama akaninong'oneza sikioni, "Wangapi?"

Nilitaka kufa. Lakini kwaya nzima inakumbuka siku ile kwa furaha, na wanne kati yao walikuja kuulizia chupa.

Ana mambo yasiyokaa pamoja. Anahubiri kuacha wadudu wema wafanye kazi, anakataza kuua buibui shambani, lakini sebuleni kwake ana kopo la dawa ya mbu na analipuliza kwa raha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Nilimuuliza. Akasema, "Shamba ni la Mungu. Sebule ni yangu."

Jambo jingine, na hili aliniomba nisimwambie mtu, lakini daftari sio mtu: anaogopa viwavi. Nzi anamshika kwa vidole, nyigu mdogo anamwacha atembee kwenye kiganja, ila kiwavi akimwona anaruka. Kazi yake yote ya serikali alikuwa anawaambia wakulima, "Pasua mwenyewe, mimi naandika," na watu wakadhani ni utaratibu wa ofisi.

Anafundisha subira na hana. Mahubiri yakizidi kidogo anatoka nje kwenda kukagua mparachichi wa kanisa. Chai anakunywa ya moto inayounguza kwa sababu kusubiri ipoe ni kupoteza muda. Lakini kwenye mti anaweza kusimama saa nzima akimtazama jike mmoja wa nzi akizunguka tunda moja. Nilisimama naye mara moja. Dakika kumi nikaanza kuhamisha mguu.

"Unataka kwenda wapi?" akaniuliza.

"Popote, Bibi."

"Nenda. Mimi namsubiri huyu ajichanganye."

Watu wanasema maepo hayakui huku, maepo ni yale yanayopita mpakani Holili kwenye maboksi, na yale ya Moshi mjini yaliyong'arishwa kama viatu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza hapa kwetu kuyapanda, huku juu karibu na msitu ambako baridi inauma. Mti wa epo unataka usingizi wa baridi ndipo uchanue, na baridi yetu haitoshi kuulaza. Kwa hiyo anaulaza kwa mikono. Unapukutisha majani yote, moja moja, mpaka mti unabaki fimbo. Mti unadhani umepita majira ya baridi, unaamka, unatoa maua. Mara ya kwanza alipofanya hivyo jirani wa chini alikwenda kumwita mchungaji, akidhani mama wa watu amechanganyikiwa na kustaafu. Mchungaji akaja, akapewa ngazi, akapukutisha miti miwili.

Mimi nilipukutisha yangu kwa awamu, ndiyo maana leo sita ina matunda yanayoanza kupata rangi na mitano ina maua. Matunda tumeyavisha. Hiyo ni njia yake nyingine: kila tunda linavalishwa karatasi na kufungwa kwa uzi, ili jike akija akute nguo. Karatasi zilitoka kwenye madaftari yangu ya shule. Nilisita kidogo. Kisha nikaanza na Kemia. Ukipita kwangu sasa unaweza kusoma asidi na besi kwenye matawi, kwa mwandiko wangu mbaya, na Bibi Shamba anasema hajawahi kuona Kemia iliyozaa kama ile.

Lakini sio kila kitu nilifanya vizuri, na kosa langu kubwa liko kwenye mgomba.

Sisi watu wa vihamba kila kitu kinakwenda mgombani. Maganda, majivu, samadi, maji ya kuoshea vyombo, chochote kinachooza unakitupa kwenye shina la mgomba, na mgomba unashukuru. Hakuna aliyenifundisha hilo, nimezaliwa nalo. Kwa hiyo msimu uliopita maepo yaliyoanguka niliyaokota yote kwa bidii, kama alivyoniambia, nikayapeleka mgombani. Debe baada ya debe. Nilijisifu. Na mitego ikawa inajaa, wiki hadi wiki inazidi, mpaka nikaanza kumshuku yeye na chupa zake.

Akaja. Akasema nionyeshe unapotupa. Akapiga magoti kwenye samadi, akachimba kwa kijiko cha chai anachotembea nacho, akatoa vitu kama punje za ngano, vya kahawia, akavipanga kwenye kiganja.

"Unawajua hawa?"

"Hapana."

"Funza akishiba anatoka kwenye tunda, anaingia kwenye udongo laini, anajifunga humu, anatoka nzi. Wewe umemtafutia udongo laini, wenye joto, wenye kivuli. Umemtandikia kitanda, mama."

Nikalia. Sikulia kwa ajili ya nzi, nililia kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi. Hakunibembeleza. Alinipa kijiko. Tulichimba siku mbili, na siku ya pili akanieleza kwamba yeye mwenyewe kwao alifanya hivyohivyo miaka miwili mizima kabla hajashtuka, na cheti cha kilimo kikiwa kimening'inia ukutani.

Baada ya hapo akashona hema. Alichukua neti ya kitandani iliyozeeka, akaiziba matundu yaliyochanika, akaisimamisha kwenye nguzo nne, akaifukia pindo lake ardhini. Matunda yote mabovu yanaingia humo. Nzi wakianguliwa hawawezi kupita kwenye vijitundu vya neti. Lakini kuna nyigu wadogo sana, wadogo kuliko sisimizi, wanaotaga ndani ya funza na kumla, na wao wanapita. Hema linafunga wabaya na kuachia wema. Nilikaa mbele yake na lenzi nikaona nyigu mmoja akijipenyeza, akatikisa mabawa, akaruka kuelekea kwenye miti yangu. Nilitamani kumpigia makofi.

Hao ndio dawa ya Baba itakaowaua kesho. Funza aliyeko ndani ya tunda haitamfikia, atabaki anakula. Nyigu watakufa, na nyuki walioko kwenye maua ya ile miti mitano.

Ila nitakuwa mwongo nikisema mitego inatosha. Nzi wangu wamebaki kumi na tano, kumi na nane kwa wiki, hawashuki zaidi, na mimi na Bibi Shamba tunajua wanatoka wapi. Wanatoka kwenye mapera ya Baba. Ana mipera saba kando ya masale, mapera yanaanguka, yanaoza, hakuna anayeokota. Nimemwomba. Nikisema nitaokota mwenyewe, anasema mapera ya kwake yataanguka na kuoza kama yalivyooza ya babu yake, na hahitaji ratiba kutoka ng'ambo.

Ng'ambo ni hatua kumi na nne.

Baba na Bibi Shamba hawasalimiani. Nimekua nikiona hivyo, kama mtu anavyokua akiona mlima. Wakikutana njiani Baba anainama kufunga kamba za viatu, hata akiwa amevaa buti zisizo na kamba. Nikimuuliza Mama, anasema kamuulize baba yako. Nikimuuliza Baba, anasema kamuulize jirani yako. Na Bibi Shamba, ambaye anajibu kila kitu, hilo tu alikuwa hajibu. Anawaambia wanakijiji wote kwamba wadudu hawajui mpaka, kwamba jirani mmoja asiposafisha wote wanapoteza. Amelala kwa watu, amekula mtori kwa watu, kijiji kizima amekiingia. Kwetu hajawahi kukanyaga. Hata miche kumi na moja alinipitishia kwenye upenyo, mmoja mmoja, yeye amesimama kwake. Baba aliiona, jioni akasema, "Miti haina kosa. Chukua kona ile."

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake, lile la kwapani, kuna nyuki mkavu amebandikwa kwa selotepu. Hana namba, hana maelezo. Nilimwona siku moja upepo ulipofungua. Nikauliza, na yeye akafunga daftari akasema tuendelee na vidukari.

Leo baada ya kuondoka mezani nilipita stoo, nikafungua nozeli ya pampu kwa mkono, nikaitia mfukoni, nikapita kwenye upenyo. Nilimkuta anaosha chupa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Uso huo umetoka wapi?"

Nikamwambia yote. Dawa, pampu, kesho umande ukikauka. Nikamwambia na swali la Baba, nimwamini yupi. Nozeli sikuitaja.

Aliweka chupa chini. Kwa mara ya kwanza nikamwona anasubiri kabla ya kumjibu mtu.

"Swali zuri," akasema. "Baba yako alikuwa na maswali mazuri hata kipindi kile. Na mimi nilikuwa na gari."

Kisha akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akanipa na lenzi, kama vile kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye huyo nyuki. Akaniambia. Ilikuwa ni kampeni, kijiji kizima kipige dawa kwenye kahawa siku moja, na kahawa ilikuwa imechanua. Baba alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki kwenye mti wa mringaringa kule nyuma. Alisimama kwenye mkutano akauliza, "Na nyuki wangu?" Yeye akamjibu mbele ya watu, watu wakacheka, "Nyuki watahama wenyewe, wana mabawa."

"Alipiga?" nikauliza.

"Alipiga. Alikuwa mkulima mzuri, alifuata maelekezo. Siku ya tatu akaja ofisini na debe. Akalimwaga mezani kwangu, polepole, juu ya karatasi zangu. Nyuki tupu. Nikamwambia aandike barua."

"Bibi."

"Nilimwambia aandike barua, mama. Nilikuwa na fomu yake."

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, halafu nikataka kumwonea huruma, nayo haikuja vizuri. Akasema siku ile ndiyo alianza kuhesabu. Alihesabu wale wa mezani mpaka jioni, akashindwa kumaliza, akambakiza mmoja.

"Mwambie baba yako asimwamini yule wala huyu. Ni mtu mmoja. Yule alikuwa hajahesabu, basi."

Akainuka, akaenda kwenye mstari wa masale, akanivuta mkono, akanielekeza kidole juu, upande wetu. Mzinga mmoja wa Baba bado uko kwenye mringaringa, gogo limepauka, mimi napita chini yake kila siku na sijawahi kuinua kichwa. Mlangoni pake kulikuwa na nyuki. Wanaingia, wanatoka, wanatoka wengi.

"Wamerudi lini?"

"Wiki ya tisa hii. Nawahesabu kutoka hapa, kwa dakika. Jana walitoka arobaini na nne. Wanakwenda kwenye maua yako."

"Baba hajui."

"Baba yako huku nyuma hafiki. Huku kuna mimi."

Nikageuka kukimbia nimwambie Baba. Akanishika sweta. Akachuma jani moja la isale, refu, akalifuta vumbi kwa kitenge, akanipa.

"Mpelekee. Mwambie limetoka kwangu."

Kwetu huku mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, huwezi tena kukataa kumsikiliza. Hata wanaosema wameachana na mambo ya zamani, isale wanaliheshimu. Na yeye ameishi miaka yote hiyo mpaka wake umejaa masale, anayapogoa, anayapita akiwa na lenzi, na hajachuma jani hata moja. Nililitazama mkononi mwangu. Mimi ni mtoto wa nyumba ile ile iliyokosewa. Ningelifikisha vipi? Ningempa Baba mezani, pamoja na chumvi?

Nikamrudishia.

"Bibi, usinitume nikamwambie. Mwonyeshe."

Akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kukohoa, mpaka akajifuta macho. "Nimefuga nyoka," akasema. "Nyoka wa kidato cha nne." Akalitazama lile jani, akalipitishia lenzi nyuma na mbele, nadhani kwa mazoea tu.

"Umande unakauka saa ngapi huko kwenu?"

"Saa tatu kasorobo."

"Mbwa wenu anauma?"

"Anauma wasiosalimia."

"Basi nitasalimia." Akaingia ndani, na nikamsikia anatafuta viatu. Viatu, sio buti.

Sasa hivi Mama anakamua, Baba yuko barazani anasoma maelekezo ya chupa ya dawa bila miwani, anaisogeza mbali, anaisogeza karibu. Ananiita nikamsomee. Nimemwambia naja. Nozeli inanichoma mfukoni. Nilipoichukua niliona nimefanya jambo la akili sana: bila nozeli hakuna dawa, miti inapona, nyuki wanapona, nyigu wanapona. Lakini Bibi Shamba akija kesho na jani lake amkute Baba anazunguka stoo akitafuta kichwa cha pampu, basi itakuwa ni mimi niliyemzuia, na yeye atakuwa amekuja bure. Na Baba akiitua hiyo pampu, nataka aitue yeye.

Kwa hiyo kesho nitaamka kabla ya wote. Nitairudisha nozeli mahali pake na kuikaza vizuri. Nitamfunga mbwa. Nitapeleka vigoda viwili chini ya mringaringa, mahali ambapo mtu akikaa lazima aone mzinga, na chupa ya chai, ya moto sana. Kisha nitachukua debe na kuanza kuokota mapera ya Baba, kuanzia mpera wa mwisho kule kando ya masale, na sitainua kichwa mpaka nisikie mtu anaitikia salamu.